Fomu Tisa Zenye Jina Langu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Elgin, Moray, Uskoti
Jumanne, 14 Juni 2022. Yalianza kuandikwa saa 4:10 asubuhi.

Jina: Lachlan Flett
Umri: miaka 64
Kazi: askari mstaafu wa Jeshi la Anga, kwa sasa mkufunzi wa mkataba
Makazi: Burghead, karibu na bandari
Mwandishi wa maelezo: Sajenti Rhona Farquhar

Sajenti amenieleza kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimemwelewa. Nimekuja kwa hiari yangu, nimepanda basi la saa tatu, na sijanywa kitu isipokuwa chai.

Nilitumikia Jeshi la Anga miaka thelathini na moja, mpaka mwaka 2010, ndani ya ndege za zamani za doria ya bahari. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Ndege hudondosha maboya, boya husikiliza chini ya maji, nami nilikaa na hedifoni masikioni kueleza kilichoko huko: nyambizi, meli ya mizigo, mashua ya uvuvi au nyangumi. Watu hudhani mashine ndiyo inayojua. Mashine huchora mistari tu kwenye kioo. Anayejua ni mtu aliyeketi saa nyingi na mwalimu pembeni yake.

Kiti cha pembeni yangu kilikuwa cha Innes Cowie, kwa miaka kumi na tisa. Yeye ndiye aliyeandika daftari la safari. Kila tulipomaliza zamu aliandika mstari wa mwisho: "Chai imemiminwa." Wakubwa walimkaripia mara mbili kwa utani huo ndani ya hati ya serikali, naye hakuacha. Katika kikosi kizima hakuna mwingine aliyeandika hivyo. Binti yangu Mairi alipozaliwa, Innes ndiye aliyeendesha gari kwenda hospitali. Ni baba yake wa ubatizo. Nasema haya ili Sajenti ajue ninamzungumzia nani.

Mnamo tarehe 31 Machi 2010 ndege zetu ziliondolewa kazini, na hazikuletwa nyingine wakati huo. Tangu mwaka huo, kila tarehe 31 Machi, sisi tuliobaki hukutana Burghead kwenye banda la mashua, kuanzia saa tatu asubuhi hadi jioni. Tunapika kama tulivyopika angani. Kila mmoja huleta kopo moja la chakula lililobanduliwa karatasi ya jina, yote humiminwa katika sufuria moja, na ni mwiko kuuliza umekula nini. Simu zote huwekwa kwenye ndoo mlangoni. Sijawahi kukosa siku hiyo, hata mwaka niliovunjika mguu.

Ndege mpya zilipofika, baada ya miaka kumi hivi, Jeshi lilikuwa limeishiwa walimu. Mafunzo yakatolewa kwa zabuni kwa kampuni ya kiraia, nayo ikamwajiri Innes kuwa meneja wa mafunzo. Mnamo tarehe 6 Septemba 2021, saa kumi na moja jioni, alikuja kwangu na mfuko wa mikate ya siagi.

Akasema, "Lachie, vua hizo ndala za uzee. Masikio yako yanatakiwa."

"Yamejaa nta."

"Tutazibua. Kila mwanafunzi atakaa na wewe saa arobaini. Pasipo sahihi yako, hapandi ndege. Nimewaambia hivyo usoni."

Nilifurahi. Sioni aibu kusema. Nilikuwa nimekaa miaka kumi na moja nikijua kitu ambacho hakuna aliyekihitaji.

Nilianza kambini wiki iliyofuata, siku mbili kwa wiki. Katika darasa la kwanza alikuwemo Mairi, ambaye ana umri wa miaka 27 na ni koplo. Nilikaa naye mara sita, saa mbili kila mara. Jumla ni saa kumi na mbili. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nampeleka polepole makusudi, asije mtu akasema nambeba binti yangu.

Mwezi Novemba Innes aliniambia mashine ya mazoezi imeharibika. Baadaye akasema wanafunzi wamepungua. "Pumzika kidogo, mzee, tutakuita." Siku zangu zikawa moja kwa mwezi. Sikulalamika. Nilidhani mambo ya zabuni ndivyo yalivyo.

Siku ya Krismasi mwaka huo Mairi alinipa zawadi. Ilikuwa nakala ya fomu yake ya kuhitimu, ndani ya fremu ya mbao. Chini kulikuwa na sahihi yake na sahihi yangu, Flett na Flett. Nililia mbele yake, jambo ambalo silifanyi. Nilidhani ni moja ya karatasi nilizotia sahihi mwezi Oktoba, kwa maana zilikuwa nyingi, na kwamba saa zilizobaki alizimaliza na mkufunzi mwingine. Niliitundika jikoni juu ya birika. Sikusoma maandishi madogo. Nani husoma maandishi madogo ya zawadi?

Tarehe 31 Machi mwaka huu, siku ya Alhamisi, nilikuwa kwenye banda la mashua kuanzia saa 2:45 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Watu saba wanaweza kuthibitisha. Innes alichelewa, akaingia saa 6:15 mchana. Nikamwambia, "Bosi amekuja, ondoeni miguu mezani." Akacheka, akasema alikuwa anafunga mambo ya robo ya mwaka ofisini. Akatupa simu kwenye ndoo, akamimina kopo lake, akashika mwiko akakoroga. Alikaa pembeni yangu, upande ule ule wa siku zote, akala bakuli mbili.

Mnamo Jumatano tarehe 8 Juni, saa 8 mchana, Sajenti Farquhar alinipigia simu. Alisema wakaguzi wa Jeshi wameleta fomu tisa za mwaka huu zenye sahihi yangu. Akauliza kama tarehe 31 Machi nilikuwa kambini nikifundisha kuanzia saa tatu hadi saa saba. Nilijibu kabla sijafikiri. Nilisema, "Mama, siku hiyo hata Malkia angeniita nisingeenda." Akaniomba nije leo.

Kesho yake, saa 12:30 jioni, nilikuwa napaka rangi dirisha la jikoni. Innes akaja kwa miguu. Hakuleta mikate.

"Wamekupigia?"

"Nani?"

"Usinifanyie hivyo, Lachie."

Nikaendelea kupaka rangi. Akasema, "Sema tu ni zako. Ulichanganya tarehe. Mzee wa miaka sitini na nne kuchanganya tarehe si jinai."

"Umeandika jina langu mara ngapi?"

"Kampuni iliahidi wakufunzi watatu. Ikapata wewe tu. Ndege zipo, wakubwa wanataka watu wa kuziingia. Ulitaka nifanyeje?"

"Ungenipigia simu. Kutoka hapa hadi kambini ni dakika ishirini. Nilikuwa nimekaa hapa nikisubiri uniite."

"Ningekuita, ungekaa na kila mtoto saa zake zote arobaini."

"Ndiyo."

"Basi ndiyo maana."

Nilimuuliza, "Siku ile ulipochelewa bandani, ndiyo ulikuwa unayafanya haya?" Nilimwambia aondoke kabla sijammwagia kopo la rangi. Alipokuwa anaondoka akatazama ndani, kwenye ukuta wa jikoni, akasema, "Mfikirie Mairi." Nilidhani anasema tu, kama watu wanavyosema.

Nilielewa baadaye, nilipokwenda kuchemsha maji. Niliishusha fremu, nikaisoma kwa miwani. Iliandikwa "saa za kusikiliza na mkufunzi: 40". Sahihi ilifanana na yangu kuliko yangu mwenyewe. Na kwenye nafasi ya maoni ya mkufunzi, kwa herufi ndogo: "Chai imemiminwa." Ilikuwa imetundikwa pale karibu miezi sita. Kila asubuhi nilikuwa namimina chai chini yake.

Sikumpigia Mairi simu. Nilisubiri Jumapili, tarehe 12 Juni, siku anayokuja. Alifika saa 5 asubuhi. Nilimwekea samaki wa moshi na mkate, nikamwacha ale kwanza. Kisha nikampa hedifoni na kanda. Kanda hiyo nimeirekodi mwenyewe bandari ya Buckie kwa kifaa nilichounda gereji. Si siri ya jeshi, na naomba Sajenti aandike hivyo.

"Nini hicho?" nikamuuliza.

Alisikiliza dakika tatu nzima, macho amefumba kama nilivyomfundisha. "Nyambizi. Inakwenda polepole."

"Sikiliza tena."

"Nyambizi, Baba. Nina uhakika."

Ilikuwa mashua ya uvuvi yenye watu watano, panga moja la rafadha inayoisukuma limepinda. Inagonga mara moja kila mzunguko. Mtu aliyekaa saa arobaini anaitambua akiwa anamenya viazi. Siku moja mashua kama hiyo itaitwa adui, au itakuwa inazama na aliye juu atasema si kitu.

Nikaiweka fremu mezani. Akaitazama, hakuigusa.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Anko Innes alisema umekubali. Alisema umechoka, hutaki kuja kila siku, ila umeruhusu."

"Na wewe ukaamini?"

"Nilitaka kuamini."

"Mbona hukuniuliza? Ulikuja hapa kila Jumapili. Ulikaa kiti hicho hicho."

Akasema, "Kwa sababu ningekuuliza, ungesema hapana."

Nimekaa nikiyafikiria maneno hayo siku mbili. Innes aliniambia yale yale kwa namna yake. Watu wawili ninaowapenda kuliko wote walinijua vizuri kiasi cha kunipita bila kuniuliza. Laiti wasingenijua, isingeniuma hivi.

Nikamuuliza kwa nini basi aliitia kwenye fremu akaniletea. Alianza kulia. Alisema alitamani iwe kweli, na kwamba aliponiona nalia siku ya Krismasi alikosa pa kuanzia kuniambia. Kisha akajipangusa, akawa askari. "Baba, hawa wakaguzi wamekagua za kuanzia Januari. Yangu ni ya Novemba. Haimo. Ukinyamaza kuhusu hii moja, mimi nabaki. Ukiitoa, nashushwa kwenye ndege, na pengine navuliwa cheo."

"Najua."

"Wengine nao walijua. Darasa zima. Ni wewe tu ulikuwa hujui."

Nikamwambia, "Saa ishirini na nane ulizobakiza, njoo nikupe. Hapa hapa mezani. Bure." Akavaa koti. Alisema hizo hazitahesabiwa na mtu yeyote. Aliacha nusu ya mkate kwenye sahani, akatoka saa 6:50 mchana. Hajapiga simu tangu hapo.

Leo Sajenti Farquhar amenionyesha fomu tisa, zenye alama LF1 hadi LF9. Nimezitazama moja moja. Sahihi zote zimeandikwa jina langu na hakuna hata moja niliyoiandika mimi. Wanafunzi sita kati ya hao tisa sijawahi kuwaona kwa macho. Fomu LF4 ni ya tarehe 31 Machi, saa tatu hadi saa saba, na nimeshaeleza nilikuwa wapi. Kwenye LF4 na LF7, mahali pa maoni ya mkufunzi, pameandikwa "Chai imemiminwa". Nimeeleza hapo juu ni nani anayeandika hivyo. Sidhani aliandika ili ajulikane. Nadhani mkono ulizoea, akamaliza zamu akaandika anachoandika siku zote. Hilo ndilo linaloniumiza, kwamba alikuwa anaiba jina langu huku mkono wake unadhani bado tumekaa pamoja.

Sajenti ameniuliza kama nina chuki na Innes Cowie. Nimejibu kwamba tarehe 31 Machi ijayo sitajua nipeleke wapi kopo langu.

Ameniuliza kama kuna jambo jingine. Nimemwambia lipo. Nimefungua mfuko niliokuja nao na kuweka mezani fremu moja ya mbao. Ndani yake mna fomu ya kumi, ya Koplo Mairi Flett, ya tarehe 19 Novemba 2021. Sahihi ya mwanafunzi ni ya binti yangu, naitambua. Sahihi ya mkufunzi si yangu. Alikaa nami saa kumi na mbili, si arobaini. Akitaka kubaki angani, ana kipaji; asichokuwa nacho ni saa.

Niliyoyasema ni haya, nimesomewa yote, na ni ya kweli. Sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: L. Flett

MAELEZO YA AFISA: Maelezo yamechukuliwa nami na kukamilika saa 6:05 mchana. Kwa ombi la shahidi mwenyewe, ameandika sahihi yake mara kumi kwenye karatasi tupu mbele yangu kwa ajili ya kulinganishwa. Fomu ya kumi imepokelewa ikiwa kwenye fremu na kupewa alama LF10. Haikuwemo katika orodha ya wakaguzi, na shahidi hakuombwa kuileta. Nilimweleza kwamba ni fomu tu inayohitajika, na kwamba fremu angeweza kuichukua. Alisema haitaki. Alifika mlangoni, akarudi, akaichukua fremu tupu.

Sajenti R. Farquhar