Ghala la Kulala Wageni

2 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo lakini? Mimi mzima, ofisi tu ndiyo inanikondesha. Mchoro wa nyumba yetu ya wageni umeiva: itasimama juu ya nguzo kama ghala letu, paa refu na kuta za mbao, ila ndani kuna bafu na madirisha ya vioo. Wewe ndiye mwenyeji. Utawapokea wageni na kuwapandisha vyumbani kwa ngazi iliyosimama wima kama ile ya ghala. Bado kipimo kimoja: panda ghalani unipimie mlango kwa ndani.

Kitindamimba wako

30 Aprili

Mwanangu, Fundi Karatasi,

Marahaba. Mimi buheri wa afya. Nisamehe kwa kuchelewa. Mlango nimeupima kwa nje, kwa fito. Ndani sikuingia, panya wamejaa tele na mimi sina ugomvi nao. Mchoro nimemwonyesha jirani, akauliza mtu alale ghalani amekosa nini. Wivu huo, usijali.

Mama yako

6 Mei

Mama,

Shikamoo. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Ghala halijatiwa hata punje tangu baba afariki. Hao panya wanakula nini? Na kila nguzo ina sahani ya bati aliyoipigilia baba mwenyewe ili panya asipite. Mficha maradhi kifo humuumbua. Niambie, una nini?

Mwanao

25 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Haya, umenibana. Ni goti. Nikipanda vipandio viwili vya ngazi, jasho linanitoka. Nilinyamaza kwa woga. Shangazi yako alipoteguka nyonga mlimhamishia huko mjini, ghorofani, sasa kazi yake ni kutazama magari dirishani. Mimi nataka kupokea wageni hapa hapa, kwenye kiwanja cha baba yako. Ikibidi tafuta mwenyeji mwingine, lakini usinihamishe.

Mama yako

1 Juni

Mama yangu,

Shikamoo, na pole sana. Huhami. Ngazi nimeifuta. Nyuma ya kiwanja ardhi inainuka, kwa hiyo mchoroni nimeisogeza nyumba mpaka mlango ukakutana na ardhi pale, na mbele imebaki juu ya nguzo. Utaingia bila kupanda kitu. Bosi anasema sasa ndiyo imependeza. Goti liende hospitali, hilo halina mjadala. Nakupenda, mkaidi wewe.

Mwanao

14 Desemba

Fundi Karatasi,

Marahaba yako nakutangulizia. Goti linakwenda pole pole, dawa ni chungu na daktari ana maneno mengi. Juzi walifika wageni wa kwanza, mume na mke. Niliwafungulia mlango, nikawaonyesha bafu, nikawawashia taa zote mpaka za nje. Yule bwana akanishukuru, akauliza, "Mama, mwenyeji mwenyewe anakuja lini kutoka mjini?"

Nikamwambia, "Mwenyeji ndiye mimi. Yule wa mjini anachora tu."

Mama yako