Katanga Ilipigwa kwa Kibemba

Mbuyi, ndugu yangu,

Katanga ilipigwa Jumapili, ikapigwa vibaya, na mkono wangu umo. Nilitaka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa mwingine huko uliko. Sijui kama habari za besiboli zinafika huko. Kama hazifiki, keti basi nikueleze, maana hapa Lubumbashi hakuna wa kumweleza isipokuwa mama yangu, naye ameniambia nifunge domo.

Tangu utuache mambo yamegeuka. Nyumba yenu ya hapa mjini, mtaa wa Kenya, anakaa Polo, mpwa wa Kisimba, yule uliyemfundisha kurusha. Amepaka mlango rangi ya kijani, analala kwenye kitanda chako, na mazoezini anavaa glavu yako, ile uliyoishona mwenyewe kwa ngozi ya kiti cha baiskeli. Bwana misioneri aliyetufundisha mchezo amerudi kwao Amerika na mke wake. Uwanja wa misheni sasa una mlingoti wa bendera ya Katanga, nyekundu, nyeupe na kijani, na misalaba ya shaba. Tunaipigia saluti kabla ya kugusa mpira, na Kisimba anapita nyuma yetu akikagua ni mkono wa nani haujanyooka.

Huyu Kisimba! Unakumbuka alivyokuwa akitucheka? Karani wa ofisi, mtu wa mpira wa miguu, akipita na baiskeli yake anauliza kama tunaua nyoka na hayo magongo yetu. Halafu Katanga ikatangazwa kuwa nchi, na hakuna nchi nyingine iliyokubali kuitambua. Kwenye mpira wa miguu tukafungiwa mlango. Wakubwa wetu wakatafuta mchezo wowote ambao haujafungwa, ilimradi bendera ipande na wageni waje waione, ndipo wakakumbuka kuna vijana wa misheni. Sisi waua nyoka tukaamka asubuhi tumekuwa ekipe, timu nzima ya taifa! Kisimba akapewa kutufundisha. Mchezo wenyewe hakuujua hata kidogo, lakini alijua nani ni Mkasai, mtu ambaye wazee wake walitoka Kasai kama wako.

Siku ya jezi siisahau, hata nikitaka. Wewe ndiye uliyekuwa mrushaji wetu, nani angebisha? Ulikwisha kuivaa, unajitazama tumboni kama bwana harusi. Kisimba akaja mpaka mbele yako akasema, "Bakasai barudie kwabo." Ukamjibu kwa adabu, "Bwana Kisimba, miye nilizaliwa hapa. Baba yangu alijenga reli ya hapa." Akaivuta ile jezi kichwani mwako mbele yetu sote, na wewe, Mbuyi, ukainua mikono ili isichanike. Uliinua mikono! Mpaka leo nikikumbuka hilo natafuta kitu cha kuvunja. Akampa Polo papo hapo, ingali na joto lako.

Kisha vijana wenye minyororo ya baiskeli wakaingia mtaani kwenu, na Kisimba alitangulia mbele, anaonyesha milango kwa ncha ya mwavuli wake. Nilimwona kwa macho yangu. Mlango wenu aliuonyesha mara mbili, maana vijana waliupita.

Kwenye kambi ya wakimbizi mliyokimbilia nilikuletea unga na samaki wakavu ambao shangazi alituma kutoka kwetu Pweto. Nilikukuta umekonda, unarusha mawe kwenye kopo bovu, na watoto wa wakimbizi wanakushangilia kila likianguka. Nikaanza kulalamika juu ya Kisimba, juu ya askari wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za buluu wanaolinda ua wa waya na hawaleti dawa, juu ya kila kitu. Ukacheka, ukaniambia neno lako lile la kila siku: "Mwelwa, funga kinywa, fungula glavu." Mara iliyofuata alikuja mama yako kwenye waya badala yako. Alisema ni kuhara. Alisema mbao za sanduku hazikupatikana, wakakufunga blanketi, wakakuzika. Nilikuwa nimeshika samaki wengine mkononi, nikampa, akawapokea.

Sasa sikiliza mambo ya Jumapili. Wageni walitoka Ndola, ng'ambo ya mpaka. Mawaziri walikuja na magari yao na wake zao wenye kofia, bendi ikapiga wimbo wa taifa, mimi nikavaa jezi yangu nikachuchumaa mahali pangu pa siku zote pa kudaka, nyuma ya mpigaji. Polo akasimama mahali pako. Kumbe sheria uliyotuwekea wewe bado ilikuwa kichwani mwake: mdakaji ndiye mwenye macho, akionyesha kidole kimoja unarusha mpira wa kunyooka, akionyesha viwili unarusha wa kupinda, na mrushaji habishani na vidole. Ulimpigia kelele juu ya hilo mpaka likamwingia.

Kweli tupu, sikuwa nimepanga lolote zaidi ya kucheza kivivu. Akaja mpigaji wao wa kwanza, akainama, nikamsikia anajisemea chinichini, anamwomba marehemu nyanya yake amsaidie. Kwa Kibemba! Lugha ya nyanya yangu mimi, ile tuliyokuwa tukiamkiwa nayo Pweto. Nikamtazama huyu mgeni wa taifa lingine, nikamtazama Kisimba kivulini na mwavuli wake, nikajiuliza ndugu yangu hapa ni yupi. Nikaonyesha kidole kimoja. Nikamnong'oneza yule mgeni kwa Kibemba, "Unakuja wa kunyooka." Alinigeukia akadhani nimerukwa na akili. Mpira ukaja wa kunyooka kama nilivyosema, akaupiga ukavuka mipera ya misheni, na nadhani mpaka sasa haujaonekana.

Wa pili alikuja ameshaambiwa. Akachimba chini kwa kiatu, akaniuliza bila kunitazama, "Na huu je, ndugu?" Nikamwambia. Nikawaambia wote, mmoja baada ya mwingine. Refa alikuwa Mzungu, kwake Kibemba ni kelele za ndege. Polo alitii kila kidole, maskini, hakubisha hata mara moja. Mawaziri wakaanza kutazama saa, kisha wakaanza kutafuta madereva wao, na mchezo haujafika hata nusu. Polo alilia palepale mbele ya watu. Nilimwonea huruma kidogo, sikufichi. Halafu akapangusa machozi kwa glavu yako, na huruma ikanitoka yote.

Kisimba aliitwa kwenye gari. Alifokewa akiwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili kama mtoto wa shule. Ee Mbuyi, ungeona! Ilishuka kifuani mwangu kama maji baridi. Nikasema moyoni, basi, amelipa.

Akanijia moja kwa moja. Nikakaza mwili nikijua ananipiga. Akanikumbatia! Akasema mbele ya wenzetu, "Mwelwa, nilikuona. Mudomo yako haikupumuzika, ulikuwa unabaombea kwa Mungu batoto betu. Weye ndjo muntu ya Katanga kabisa." Akanifanya kapiteni kwa mechi ya marudiano. Aka! Anaona aibu yake imemwangukia tu, kama mvua. Hajui imetoka wapi. Wewe hakukufikiria hata kidogo, na mimi ananishukuru!

Nilikwenda kambini kumsimulia mama yako, nikidhani atafurahi. Alisema tumwachie Mungu. Mama yako ni mama yangu, sikumjibu. Lakini wewe nakujibu: Mungu atapata zamu yake. Mimi nimetangulia kwenye foleni, na sitoki.

Tunakwenda Ndola Jumapili ijayo. Kapiteni wa wageni huwa anapewa nafasi ya kusalimia watu kabla ya mchezo, na huko Kisimba hana polisi wala vijana wa minyororo. Nitawasalimia kwa Kibemba ili uwanja wote uelewe. Halafu nitamshika Kisimba mkono na kusema kwa Kiswahili ili aelewe yeye: mlango gani aliuonyesha, na nani alikuwa ndani, na nani alimpiga mechi ya kwanza, na kwa ajili ya nani. Mama yangu nimemwambia. Hakunikataza. Ameniuliza tu nitavaa viatu gani, kwa sababu anajua kutoka huko sitarudi, na kutembea kutakuwa kwingi.

Pumzika, Mbuyi. Usimsamehe, hata wote wakikuomba. Nakuahidi hili: nikishamshika mkono simwachii mpaka atamke jina lako kwa kinywa chake, lote, na la baba yako, kwa sauti ya kufika viti vya nyuma. Na akilitamka chinichini, nitamwambia arudie.

Mdakaji wako,
Mwelwa