Salfa Kifuani mwa Baba

Mdogo wangu Issa,

Marahaba, maana najua shikamoo yako ndiyo ingetangulia. Mama hajambo? Na mikorosho ya Rutamba, mmeshaanza kuipuliza salfa? Mimi mzima, ila mdomo umevimba, meno mawili ya mbele hayapo, na simu siwezi kuongea. Ndiyo maana naandika.

Ile salfa uliyomtumia baba ndani ya mfuko wa makopa ya muhogo, alikudanganya kwamba ni ya kufukuzia nyoka. Hapa Dar kwangu nyoka watoke wapi? Alikuwa anaipaka kwenye kidonda!

Tangu atengenezwe mishipa ya moyo tulionywa: mfupa wa kifua umepasuliwa katikati, umefungwa kwa waya, na yeye ana sukari. Kidonda kikiingiwa na vijidudu, vitashuka hadi mfupani. Baba akaona utando mweupe kwenye kidonda, akanificha. Juzi naingia na uji, namkuta kavua shati, kifua chote cha njano kama majani ya mkorosho uliopulizwa, harufu imejaa chumba, mwili unawaka homa.

"Ubwiriunga huu, ukungu uleule wa mikorosho," akasema. "Miaka yote naupuliza, unakwisha. Hao madaktari wako wamelima wapi?"

Nikampokonya salfa. Issa, baba aliyekuwa hawezi hata kunyanyua kikombe alinitwanga ngumi ya mdomo, akarudia, huku akiporomosha matusi ambayo mama asiyasikie. Kumshika mikono niliogopa, waya zingekatika. Nikambana kifua kwa ule mto anaoukumbatia akikohoa, nikamsogezea uso ili asijinyooshe kunifikia, mfupa ukaachana. Akanipiga mpaka akakohoa. Kidonda kikaachia, usaha na damu vikaloweka mto, akalia kama mtoto.

Hospitali wamemfungua tena. Wamekwangua mfupa uliooza, wametoa waya, kifua bado kiko wazi na dawa zinapita kwenye mshipa. Daktari hajaniahidi kitu. Nina hasira na wewe, na yeye nina hasira naye zaidi.

Jana alifumbua macho, akanitazama mdomo.

"Nani kakupiga, mwanangu? Nikitoka hapa namuua."

Hakumbuki chochote. Nimemwambia niliteleza bafuni.

Nisalimie mama, mkeo, na shangazi wa Mitwero anayetuombea dua. Na wewe ukija kumwona, Issa, niliteleza bafuni.

Dada yako anayekupenda pamoja na hasira zake,
Mwanahawa