Swali Langu la Kila Jumamosi

Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Duka la Vitambaa.
Jumapili, tarehe 14 Juni.
Mawingu mazito tangu alfajiri, mvua ya rasharasha kuanzia saa kumi na mbili na nusu, upepo hakuna.

Mpendwa mdogo wangu,

Kwanza nikujulie hali. Kile kikohozi chako cha asubuhi kimekwisha, au bado unakificha kwa kujifanya unasafisha koo? Na watoto, je? Sisi huku tunapumua. Ukitaka kujua zaidi ya hapo nitakujibu kwa utaratibu, maana barua yako ina maswali tisa na nimeyapigia mstari yote.

Ninakula mara mbili kwa siku, na matunda nikiyapata. Maji nakunywa, nimeweka chupa karibu na cherehani ili nisipate kisingizio. Macho yananiwasha nikishona nguo nyeusi, kwa hiyo nyeusi nazishona kabla ya saa sita, mwanga ukiwa mzuri. Miguu ilikuwa ikivimba jioni kwa kukaa kutwa. Siku hizi nikimaliza nguo moja nasimama, nazunguka meza mara kumi, na uvimbe umepungua. Wateja wanadhani nimechanganyikiwa.

Presha yangu nilipimwa zahanati Jumatano: mia na kumi na nane kwa sabini na sita, kwa mkanda unaonienea mkono. Hayo maneno ya mwisho nimeyaandika makusudi.

Mama anaendelea vizuri kiasi. Mkono wa kulia anaweza kuuinua hadi kifuani. Mdomo umerudi karibu mahali pake. Anaongea polepole, na akikosa neno ananikasirikia mimi kana kwamba nimelificha.

Sasa swali lako la tisa: nitamsamehe lini shemeji yetu? Hilo linahitaji ukurasa wake, na lazima nianzie mwanzo, kwa sababu dada mkubwa, mkewe, alikusimulia nusu tu.

Unajua mtaa mzima unamwita Profesa. Anauza rangi za nyumba siku sita, lakini Jumamosi akishafunga duka anakaa barazani na watu wanamletea maswali ya afya: tumbo kujaa gesi, kukosa choo, kichwa kinachouma upande mmoja. Nisimwonee, mengi anayojibu ni ya maana. Punguza chumvi, tembea, nenda hospitali. Shida ilianza aliponunua mashine ya presha. Aliinunua kwa ajili yake mwenyewe, na mkanda wake unautosha mkono wake, ambao ni mnene kama paja langu.

Kuanzia Januari akawa anampima Mama kila Jumamosi kwa mkanda huohuo. Namba zilikuwa nzuri, nami nilikuwa naziandika kwenye shajara yangu. Tarehe 21 Februari alisoma mia na ishirini na nne kwa themanini, akamwambia Mama amepona, vidonge vyake vya presha aviache, vinamchosha figo bure. Siku ishirini na sita baadaye Mama alianguka jikoni na sufuria mkononi. Kiharusi.

Baada ya kutoka hospitali, nesi wa zahanati aliniomba nimletee ile mashine. Alimpima Mama kwa mkanda wa Profesa, kisha kwa mkanda mdogo, kiti kilekile, mkono uleule. Mia na thelathini na moja. Mia na hamsini na tisa. Akanieleza kwamba mkanda ukiwa mkubwa kuliko mkono, namba inashuka kwa uongo. Mkanda wenyewe umeandikwa sentimeta 32 hadi 42. Mkono wa juu wa Mama ni sentimeta 22.

Hapa kuna jambo ambalo sikukwambia. Hiyo 22 haikutoka kwa nesi. Imo kwenye daftari langu la vipimo. Namshonea Mama magauni miaka kumi na moja sasa. Jumamosi ile ya kwanza niliuona mkanda ukimzunguka karibu mara mbili, nikawaza kama fundi: mkono huu ungehitaji kupunguzwa sentimeta kumi. Nikacheka moyoni, nikaandika namba.

Lakini sikuanza kumwandama kwa ajili ya yaliyopita. Mama alikataa dawa. Nilikuta vidonge kumi na kimoja kwenye leso yake. Alikuwa akiviweka chini ya ulimi mpaka nigeuke. Kila nikimsihi ananijibu kwamba mkwe wake alisema amepona, na mkwe wake anasoma vitabu. Nilimtumia Profesa ujumbe kupitia kwa dada, aje amwambie mwenyewe kwamba alikosea, kabla Mama hajaanguka mara ya pili. Akajibu kwamba mashine haisemi uongo.

Ndipo nikaanza kuhudhuria baraza. Tarehe 25 Aprili nilikaa benchi la mbele, nikanyoosha mkono kwa adabu kama mwanafunzi, nikauliza: mama wa miaka sitini na nane, mkono sentimeta 22, amepimwa kwa mkanda wa mtu mnene, namba zikatoka nzuri, je, aache dawa? Alicheka, akaita swali linalofuata. Jumamosi ya pili niliuliza neno kwa neno. Ya tatu pia. Sikupandisha sauti hata siku moja. Siku ya kwanza walikuwepo watu kumi na saba. Nimekuwa nikiwahesabu wakipungua. Jumamosi ya sita kinyozi alichoka akamwambia, "Profesa, mjibu shemeji yako basi, wengine tuna viungulia hapa." Sitakuficha, mdogo wangu, nilirudi nyumbani nikishona kwa furaha. Dada hanisalimii tena, na hilo nililitegemea.

Jana ilikuwa Jumamosi ya nane. Watu wanne. Nilikwenda na futi yangu ya kushonea, nikampima mkono mbele yao: 38. Nikaitaja 22 ya Mama. Akanitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe fundi, unayepima mikono ya watu kutwa nzima? Ulikuwa umekaa palepale. Hukuona?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo tangu Machi, na bado liliniuma.

"Niliona," nikamwambia. "Nikanyamaza. Langu nimelisema mbele ya watu. Sema lako."

Alizima mashine, akainuka, akanifuata hadi kwetu. Alipiga magoti kando ya kitanda akasema, "Mama, nilikukosea. Mkanda ulikuwa mkubwa. Hukupona. Meza dawa." Akaanza kulia, lile jitu zima.

Unajua Mama alifanya nini? Alimfuta uso kwa mkono wa kushoto, akamwambia, "Pole, mwanangu. Umekula?" Kisha akameza kidonge kutoka kiganjani mwa Profesa, akafunua mdomo kumwonyesha. Mimi nimesimama pale na glasi ya maji. Tangu Machi ninambeba kwenda msalani, na pole hiyo sijaiona.

Kwa hiyo jibu la tisa ni hapana, bado sijamsamehe. Nilitaka alie, amelia, na machozi yake hayakunitosha. Lakini Mama atameza kutoka mkono wake tu, basi nimempangia: kila siku saa moja asubuhi, kabla ya kufungua duka, atapanda ngazi hizi na kumpa dawa mwenyewe, kisha atatia sahihi kwenye shajara yangu. Kila siku, mpaka mmoja wetu aondoke duniani. Leo amekuja na mvua, amelowa chapachapa, amechelewa dakika sita. Dakika hizo nimeziandika, naye akatia sahihi chini yake.

Wasalimie shemeji yangu wa huko na watoto, hasa yule kitinda mimba. Msalimie na mama mkwe wako, mwambie apimwe kwa mkanda unaomwenea. Mungu awakinge na maradhi, na wajuaji pia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unaponiuliza maswali mabaya,
Fundi.

Jumatatu, tarehe 15 Juni. Kabla sijafunga bahasha: leo amewahi dakika mbili. Jana nilikusudia kukaa macho nimchukie vizuri, lakini usingizi ulinichukua saa tatu na dakika kumi.