Lusajo, Tusi Lile Si Lako

Mjukuu wangu Lusajo,

Ugonile, umelalaje? Mimi nimeamka, nimekunywa uji, na bado ndiye mzee mzuri kuliko wote hapa Busale, mwenye wivu aje tupimane. Kalamu ameshika dada yako Tumpe, maana mimi shule niliiona kwa nje tu, nikapita na ng'ombe. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno. Akimaliza barua hii aiweke wazi kwenye simu zenu hizo, asome kila mtu, wa huku na wa ng'ambo ya mto Songwe, maana wanasema uko huko Malawi unapalilia mashamba ya watu. Anayekujua akusomee.

Unakumbuka jioni zetu? Mimi na kigoda changu, wewe na kisahani cha wali na dagaa wetu wa usipa. Nakusimulia nilivyompiga mamba kofi pale Songwe mpaka akaniomba radhi. Wewe, mdomo umejaa: "Babu, mwaka jana alikuwa kenge." Mtoto hata meno ya mbele huna! Halafu unaniuliza lile swali letu: "Babu, unakufa lini nirithi ng'ombe?" Nami nakujibu: "Nitazikwa nao, wewe utarithi mavi yao." Bibi yako anatufukuza wote wawili na mwiko. Baba yako alipofariki nyumba ilinyamaza mno, Lusajo. Sikujua namna nyingine ya kuilea.

Ndiyo maana jioni ile uliponipigia kutoka bwenini huko Mbeya, hata hujamaliza wiki chuoni, ukasema, "Wewe mzee ni mbwa. Ufe nichukue ng'ombe," mimi nilifurahi. Nikasema haya, kijana kafika mjini, ulimi umenolewa. Nilisikia unavuta makamasi, nikajua ni baridi ya Mbeya. Nyuma yako nikasikia watu wanacheka. Sasa mimi nikisikia watu wanacheka, unanijua. Nikapandisha sauti. Nikakuita nyani aliyevaa viatu. Nikasema kichwa chako kama tikiti lililolaliwa na nguruwe. Wakacheka mpaka wanakohoa. Wewe hukujibu. Simu ikakatika, nami nikaenda kwa jirani kujisifu kwamba chuo kizima kimenisikia.

Baada ya hapo kimya. Mpaka Tumpe akapata ujumbe wako: "Nipo salama, msinitafute. Siwezi kumtazama babu usoni."

Nikavaa koti langu la harusi, nikapanda basi. Yule kijana uliyekuwa unalala naye chumba kimoja alinieleza huku anaangalia sakafu. Kwamba wale wa mwaka wa pili walikupigisha magoti juu ya vizibo vya soda. Kwamba walitaka umpigie simu aliyekulea, umtukane, wao wasikie. Ukakataa, wakakumwagia ndoo ya maji. Ukakataa tena, wakaleta nyingine. Eti ndivyo wanavyomkaribisha mgeni.

Mgeni! Hapa kwetu hata bwana afya akija kututoza faini ya choo, kwanza anapewa kiti na maji ya kunawa!

Nikaenda kwa mlezi wa bweni, kijana mwenye tai. "Mzee wangu," akasema, "usilichukulie hivyo. Ni utani tu wa vijana, unawakomaza. Hata mimi niliupitia."

Damu ikanipanda. Ananifundisha mimi utani? Nikamwambia, "Sawa, basi tutaniane. Wewe na hiyo tai unafanana na mbuzi anayepelekwa mnadani."

Akasimama. "Mzee, unanitukana ofisini kwangu!"

"Mbona unajibu? Piga magoti kwanza. Maji yako wapi?"

Akaita mlinzi. Mlinzi mwenyewe Mnyakyusa mwenzetu, akanitoa kwa heshima zote. Tulipofika getini akaniinamia, akanishukuru kwa kikwetu, "Ndaga fijo, babu." Naye nadhani ameyaona mengi pale.

Sijawasamehe, sikudanganyi. Kukulowesha kwenye baridi ile, kukutoboa magoti, halafu kunifanya mimi fimbo ya kukuchapia! Mchezo wetu tuliocheza tangu huna meno, wao wameushika kwa mikono yao michafu. Mimi na wewe tukitaniana, kila mtu ana mdomo wake. Wao walikufunga wa kwako, wakaniacha mimi nabwabwaja. Wewe unalia, mimi nakuita nyani. Hilo neno mbwa halijaniuma hata kidogo, nimeitwa vibaya zaidi na bibi yako. Kinachoniuma ni kile kicheko, kwamba nilikifurahia. Nimeshamfuata mkuu wa chuo, amesema watalishughulikia. Nitarudi, na koti lilelile, mpaka waote ndoto za koti langu.

Huku mpunga umekomaa na ndege wanatumaliza. Nawapigia kelele, wameshanizoea, wananiona mtani wao. Bibi yako naye amebaki na mtu mmoja tu wa kufukuza na mwiko, na huyo mtu siku hizi anakimbia pole pole, anapigwa.

Mambo ya chuo utaamua mwenyewe, sikuiti huko. Nakuita nyumbani. Unasema huwezi kunitazama usoni. Basi usinitazame! Angalia pembeni, uzuri huu ungekuumiza macho hata hivyo. Wewe kaa kwenye kigoda, chukua kisahani chako, na lile swali letu uliulize kwa sauti yako mwenyewe, pasiwe na mtu nyuma yako. Jibu jipya ninalo, nimelitengeneza njia nzima nikirudi kutoka Mbeya. Tumpe ameniomba nimwambie, nimekataa. Ni lako.

Ni mimi babu yako. Sijafa bado, na ng'ombe ni wangu.