Mtoto wa Siku Tano Ana Jina Gani?

Mpendwa Mama Saida,

Tangu ututoke sijakuandikia, lakini jambo hili nimeshindwa kukaa nalo.

Waikumbuka programu ya simu niliyoiandikia zahanati yetu hapa Mambrui, ya watoto wachanga? Ulikuwa ukinicheka: "Chaki imekwisha, sasa wasumbua simu!" Juma lililopita alinipigia Kadzo, yule nesi uliyemfunza ukunga.

"Shikamoo, Mwalimu. Programu yako yajifunga kila nikifungua habari za mtoto huyu. Macho yamekuwa manjano, hanyonyi, nautaka uzito aliozaliwa nao."

"Marahaba. Jina lake nani?"

"Mwalimu, mtoto wa siku tano ana jina gani?"

Nilikaa chini, mke wangu. Mimi! Mimi niliyengoja nawe siku ya saba ndipo tumpe jina kila mtoto wetu! Saida mwenyewe tulimwita "mgeni" wiki nzima.

Nikueleze. Simu hutuma ombi kwa seva, kompyuta inayotunza kumbukumbu zote, seva ikarudisha jibu lenye sehemu zake: jina, uzito, tarehe. Sehemu ya jina ilirudi null, yaani hakuna thamani yoyote, hata neno tupu. Msimbo wangu, yaani maagizo niliyoiandikia programu, haukuuliza kama jina lipo. Ulilishika kana kwamba lipo, programu ikaanguka, na uzito usionekane ingawa ulikuwemo katika jibu. Nilipoijaribu nilitumia habari za wajukuu zetu, na wote wana majina.

Kadzo hakuningoja. Alimpeleka mtoto na mamake hospitali Malindi, mtoto akalazwa chini ya taa za kutibu manjano siku nne. Amepona, alhamdulillahi. Nami nimerekebisha: programu huuliza kwanza. Jina likikosekana, huandika "Mtoto wa" kisha jina la mama, na mengine yote yaonekana.

Akika, karamu ya kumpa mtoto jina, ilisogezwa hadi jana. Babake mtoto alinishika mkono. "Ahsante kwa programu yako, Mwalimu."

Kumbe hakujua kwamba ilianguka. Nikamweleza yote, hata habari ya wajukuu.

Akaniuliza, "Na akizaliwa mwingine leo?"

"Itafunguka."

"Nionyeshe."

Nikatoa simu, nikamfungulia habari za mtoto wa majaribio asiye na jina. Akasoma kwa kidole hadi mstari wa uzito, ndipo akanisogezea sahani ya pilau.

Mola akulaze pema, nawe unisamehe.

Mumeo,
Baba Saida