Mikono ya Mama Haikutulia

Mama,

Shikamoo. Nimeitamka kwa sauti hapa chumbani, nikajikuta nasubiri uitikie.

Mvua zimeanza. Mahindi ya nyuma ya nyumba nimepanda peke yangu, na makande bado napika ya watu wawili. Siku nzima inaweza kupita hapa Bagara bila mtu kuniita jina.

Ile picha nimeimaliza. Unakumbuka tulivyoanza? Ugonjwa ulikuwa unatetemesha mikono yako, nami nikawa nasubiri itulie ndipo nichore. Ukacheka. "Rehema, utasubiri mpaka nife. Nichore hivi hivi." Basi nikachora kila mahali mikono ilipopita, rangi juu ya rangi, na uso wako ukigeuka kutoka mlangoni kunitazama. Asubuhi nzima kwenye picha moja.

Siku ya kumaliza matanga niliitundika sebuleni. Baba mdogo alipofika kutoka Mutuka aliitazama, akaigeuzia ukutani. "Shemeji yangu hakuwa na mikono sita. Weka ile ya ujana wake." Sikumjibu, Mama. Watu walijaa, na hakuna hata mmoja aliyeigeuza tena. Nikaenda jikoni, nikaosha vyombo mpaka wakaondoka.

Jana jirani yetu Mama Neema aliniletea maziwa, akaomba kuiona. Nikamgeuzia. Aliisogelea, akaona rangi tu. Akarudi nyuma hadi mlangoni. Halafu akasema polepole, "Anatafuta kitenge chake. Kimemteleza begani."

Mama, ndivyo ilivyokuwa! Asubuhi ile ulikuwa unakipapasa, na sikuwahi kumwambia mtu. Tukalia, yeye kwenye kiti chako, mimi sakafuni.

Alipoondoka nyumba ikawa kimya kuliko kabla hajaja.

Sasa picha inatazama sebuleni. Baba mdogo akija ataikuta hivyo, na safari hii nitamjibu kwa heshima. Hilo nakuahidi.

Na jambo jingine. Mama Neema ameuliza kama naweza kumchora na yeye. Tangu uondoke sijamkazia macho mtu aliye hai. Naogopa: nikiuzoea uso wake, je, na yeye akiondoka? Lakini nimemwambia aje Jumamosi, baada ya kutoka sokoni.

Pumzika, Mama. Mimi bado natazama.

Mwanao,
Rehema